Paka Aliyeitwa Kwetu

Madam Jumana ameandika vitabu vinne vya watoto, na katika vyote vinne hakuna hata mtu mmoja anayeosha vyombo. Kuna mzeituni. Kuna sanduku la safari lenye mikanda ya ngozi. Kuna bibi anayekanda unga huku machozi yanamdondoka, na mjukuu mwenye macho makubwa anayemuuliza, "Teta, Lebanoni iko wapi?" Bibi anaweka mkono kifuani na kusema iko hapa. Basi, hadithi imekwisha. Watu wazima wanapangusa macho, watoto wanapiga miayo, na Madam anasaini nakala kwa wino wa kijani.

Nayajua ya miayo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikibeba maboksi. Kila alipoalikwa kwenye shule fulani hapa Doha kuzungumza juu ya uchungu wa uhamiaji, alinichukua nimshikie maboksi, chupa ya maji na mtandio. Nilikaa nyuma kabisa na kumsikiliza akiwaeleza watoto jinsi mtu anavyoishi mbali na kwao. Yeye mwenyewe amezaliwa Kanada. Lebanoni huenda kila kiangazi, wiki tatu, na harudi bila kitabu.

Teta, kwa Walebanoni, ni bibi. Mimi sikujua. Siku niliyofika katika nyumba ile ya mtaa wa Al Thumama, nikitokea Kitale kwa mkono wa wakala, Madam aliniambia, "Milka, kazi yako ni Teta." Nikasema moyoni, leo nimepatikana, hawa watu wameniagiza kutoka Kenya nije kuteta nao. Kidogo niombe maji ya kunywa kwanza.

Kumbe teta mwenyewe alikuwa mama wa miaka themanini na mitatu, mdogo, mweupe, amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Anaitwa Odette. Ni mama mzazi wa Bwana Fuad, na Bwana Fuad ndiye baba yake Jumana, mhandisi mstaafu ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Baba, kama ilivyo nyumba nyingi za huku. Madam alinieleza kwamba akili ya Teta imeondoka, kwamba hutoa sauti tu zisizo na maana, nisihangaike. Akatoka. Yule mama akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Weye," akasema. "Mi nataka mayi."

Niliganda. Nikamwuliza kwa Kiswahili, polepole, "Unataka maji, mama?"

"Njo nasema tangu asubui," akanijibu, njo yake ikiwa ndivyo yetu. "Batu ba hapa habasikie."

Nilimletea maji. Alipomaliza kunywa alinishika mkono na hakuuachia mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa ameishi nyumba ile karibu mwaka mzima kabla yangu. Mwaka mzima anaomba maji, na watu wenye digrii wanamjibu kwa tabasamu.

Mengine aliniambia kidogo kidogo, siku akiwa mzima. Alizaliwa Kisangani, kule Kongo, baba yake akiwa na duka la vitambaa. Alilelewa mgongoni mwa mwanamke wa Maniema aliyeitwa Mama Feza, na Kiswahili cha Mama Feza ndicho kilichokuwa cha kwanza kinywani mwake. Kiarabu alikipata baadaye, mezani, pamoja na kukatazwa kuongea huku anakula. Aliolewa huko na Mlebanoni mwenzake, akamzalia Fuad huko. Miaka ya tisini duka liliporwa, wakakimbilia kijiji cha mumewe milimani Lebanoni, nchi ambayo alikuwa hajawahi kuikanyaga. Majirani wa kijiji wakamwita Mwafrika mpaka mumewe akafa. Sasa ugonjwa ulikuwa unamfuta. Umefuta Kifaransa, umefuta Kiarabu, na ulipofika kwenye maneno ya Mama Feza ukakwama.

Jumana alijua kwamba bibi yake "aliwahi kupita Afrika". Ndivyo alivyosema, kupita. Mtu amezaliwa mahali, ameolewa hapo, amezaa hapo, ametimiza miaka hamsini na mmoja hapo, halafu mjukuu wake anayetunga vitabu vya uhamiaji anasema alipita.

Na sasa nifike kwa paka.

Kila alasiri jua likianza kulegea, Mama Odette huingiwa na wasiwasi. Hupapasa mikono ya kiti chake na kuita, "Kwetu. Mi nataka kwetu. Kwetu." Jumana aliisikia sauti hiyo tangu bibi alipoletwa Doha, kabla mimi sijafika. Mwandishi mwenye kiu ya kujua angetafuta mtu wa kumwuliza. Mji huu, kila mlango unalindwa na Mkenya. Yeye alimwuliza baba yake wakiwa mezani na wageni: Kwetu ni nini? Bwana Fuad, mtu wa kula huku anatazama sahani, akasema alikuwa paka. Paka wa bibi, alipotea zamani.

Hicho ndicho kitabu cha nne. Teta alikuwa na paka mweupe Beiruti, jina lake Kwetu. Vita vinakuja, paka anapotea, Teta anamtafuta bandarini, anamtafuta melini, anamtafuta kwenye theluji ya Kanada, ambako Mama Odette hajakanyaga hata kwa bahati mbaya. Mwishoni anazeeka, na mjukuu anamnong'oneza kwamba Kwetu anamsubiri chini ya mzeituni. Kitabu kikapata tuzo. Wakashona na vipaka vya pamba vyenye macho ya buluu, vina lebo shingoni, Kwetu.

Nilipoelewa, nilicheka peke yangu nikiwa napiga pasi. Kisha nikaona haya kucheka, nikamfuata Madam katika chumba chake cha kazi.

"Madam, Kwetu si jina la paka," nilimwambia. "Ni Kiswahili. Maana yake ni nyumbani kwa mtu, mahali anapotoka."

Aliweka mkono kifuani kama yule bibi wa vitabuni. "Ya Allah. Hata kwa lugha yenu? Sadfa nzuri kiasi gani." Akavuta daftari lake akaandika.

"Si sadfa, Madam. Bibi anaongea Kiswahili. Tunaongea naye kila siku."

Akanitazama kwa upole ule unaotia hasira kuliko tusi. "Habibti, anaiga maneno yako. Wagonjwa wa namna hii huiga sana."

"Kitabu uliandika kabla mimi sijaja. Alikuwa anamwiga nani?"

"Khalas, Milka," akasema. "Chai ya mnanaa, tafadhali."

Nilimpelekea chai. Ningefanyaje? Lakini tangu siku hiyo kila nilipoona jalada la kitabu kile nililigeuza likaangalia meza, nasema wazi.

Haya yote ningeyameza. Watu wameandika uongo zaidi ya huo na dunia haikusimama. Lakini mwezi wa kumi Madam alitangaza kitabu cha tano, Teta Arudi Nyumbani, na safari hii alitaka kiwe na picha halisi. Mama Odette angepelekwa Lebanoni, kwenye makao ya wazee ya masista, juu ya kile kijiji walikomwita Mwafrika. Mpigapicha angekuwepo siku ya kuwasili. Bibi angekalishwa chini ya mzeituni, angepigwa picha, na angeachwa huko, moja kwa moja. Tikiti zilikuwa za Jumapili, na mimi ndiye niliyemweleza Mama Odette kwa Kiswahili. Mimi nilishaahidiwa kwa rafiki yake Madam anayekaa mtaa wa Abu Hamour, mwenye mapacha.

Nilimwazia Mama Odette akiomba maji kule mlimani. Sista anatabasamu, anamfunika blanketi. Anaomba tena, anafunikwa blanketi la pili. Nilijua kabisa mwisho wake, na nilijua kwamba kitabu kingemwonyesha amelala kwa amani.

Alhamisi nilimkabili Bwana Fuad jikoni. Kiarabu changu ni cha kuunga kwa gundi, lakini kilitosha. "Baba, Mama hataki kwenda. Ananiambia kila siku."

"Hilo ni jambo la Jumana," alisema, akichungulia ndani ya kikombe.

"Ni mama yako, si mama ya Jumana."

Alijitilia sukari kwenye kahawa. Nilikuwa na simu mkononi, dada yangu Chebet alikuwa bado ananisubiri hewani, basi nikamalizia naye kwa Kiswahili, kwa sauti kamili, mzee yule akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nilimwambia Chebet kwamba huyu ni mwanamume jina tu, kwamba pua yake hufika mezani kabla yake, na kwamba mama yake angezaa jiwe angekuwa na wa kuongea naye. Bwana Fuad akakoroga kahawa yake, akachukua kijiko akakiosha mwenyewe, akatoka.

Uzinduzi wa toleo jipya la kitabu cha paka ulikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, katika ukumbi wa klabu moja ya wenye nafasi zao. Vitabu vilipangwa kwa mnara, vipaka vya pamba vilitundikwa kwenye matawi ya mzeituni wa plastiki, na Mama Odette alivalishwa shali ya taraza aliyokuwa hajapata kuiona. Mlangoni alikuwa amesimama Benard, mlinzi, Mluhya wa Kakamega ninayemfahamu kutoka kanisani. Scovia, Mganda, alikuwa anazungusha trei ya juisi.

"Habari yako, mama?" Benard alimsalimia Mama Odette kwa mazoea tu, huku anatushikia mlango.

"Muzuri, mwanangu. Weye unatoka wapi?"

Benard nusura aachie mlango ututwange. "Milka, huyu mzungu ni wetu?"

"Si mzungu, ni Mlebanoni wa Kisangani."

"Wacha wewe. Kiswahili yake imeshinda ya Scovia mbali."

"Nimesikia, Benard," Scovia akasema akipita.

Mama Odette alicheka. Alicheka kweli, mabega yakatikisika. Nilimwona Bwana Fuad, aliyekuwa nyuma yetu, akigeukia ukutani kusoma maelekezo ya kizimamoto.

Madam alisoma kitabu kizima, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Kwa Kiarabu alilia penye bandari, kwa Kiingereza alilia palepale. Watoto waliokaa kwenye mazulia walikuwa wanavutana mikia ya paka. Alipomaliza alishuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya bibi yake, akamshika mkono na kumsogezea maikrofoni. Mpigapicha akajisogeza. Lilikuwa jambo la kupangwa, hilo nilijua. Mazoezi yake nilifanyishwa mimi kwenye kiti cha bibi.

"Teta," Jumana akasema kwa Kiarabu chororo, "waambie watoto. Kwetu yuko wapi?"

Katika maneno yale yote Mama Odette alishika moja tu. Aliinua kichwa. Akatazama maikrofoni, akatazama watu, na nikaona macho yake yametulia kama ya mtu aliyeulizwa swali la maana kwa mara ya kwanza.

"Kwetu iko Kisangani," akasema, na spika zikayapeleka maneno hadi mlangoni. "Si paka. Paka ya nini? Mi nilizaliwa kule. Baba alikuwa na duka ya bitambaa, Mama Feza alinibeba kwa mugongo. Sasa banataka kunitupa kwa mulima. Mi sitaki. Kule batu habajue maneno yangu. Nitaomba mayi, hakuna mutu ataleta. Nitakufa na kiu, na mayi iko pale."

Wageni walitabasamu. Mmoja alipiga makofi mawili na kuacha. Lakini Scovia alisimama na trei yake katikati ya ukumbi, na mhudumu wa kahawa, mtu wa Mombasa nisiyemjua hata jina, aliweka birika chini. Kutoka mlangoni nikamsikia Benard akisema, kwa sauti ya chini, "Pole, mama."

Jumana alinigeukia bila kupoteza tabasamu lake. "Milka, wewe umemzoea. Tuambie amesema nini."

Nilikuwa na nafasi ya kumpaka mafuta. Ningesema bibi anawabariki watoto, kila mtu angekula keki akaenda zake, nami ningehamia Abu Hamour kwa amani. Nilimtazama Mama Odette. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja maneno yake yafike. Basi nikayafikisha, kwa Kiingereza, moja baada ya jingine: Kisangani, duka, mgongo wa Mama Feza, mlima, maji. Hata "paka ya nini" sikuiacha.

Mama mmoja wa mstari wa mbele alikifunika kitabu chake taratibu.

Jumana alisimama, akakunjua sketi yake. Nikiri, ana kipaji. "Mnaona, marafiki?" alisema kwenye maikrofoni. "Kumbukumbu ikivunjika, inajitungia hadithi zake. Teta amechukua maneno ya msaidizi wetu mpendwa, ya nchi yake, akayafanya yake. Huu ndio uhamiaji, hauna mipaka." Akapigiwa makofi. Walipiga kwa nguvu, maana walikuwa wamepata pa kutokea. Kisha, bila maikrofoni, "Yalla, mpeleke nje apumzike."

Nilishika kiti. Breki sikuifungua.

"Milka."

"Hajamaliza kuongea, Madam."

Mama Odette alikuwa ameanza kupapasa mikono ya kiti. "Kwetu," akaita. "Mi nataka kwetu." Sauti ilianza kukatika. Mtoto mmoja kwenye zulia akamnyoshea kipaka chake, na huyo ndiye mtu pekee wa upande ule wa ukumbi nisiyemdharau mpaka leo. Jumana alinyosha mkono aisukume breki mwenyewe.

Hapo ndipo Bwana Fuad alipoinuka kwenye kiti chake. Alitembea kama anayevuta miguu kwenye tope. Alipofika mbele ya mama yake alijishusha chini, magoti yakalia, akafungua kinywa, na Kiswahili kikatoka.

"Mama," alisema. "Hakuna mutu atakutupa. Bakia. Hatuende mulima."

Kilikuwa Kiswahili cha mtoto wa miaka kumi kwenye sauti ya mzee wa sitini na tatu, lakini kilikuwa kilekile cha mama yake, na hakikuwa na hata doa la kutu. Moto ulinipanda usoni. Pua yake, jiwe, mwanamume jina tu. Alikuwa amesikia kila neno, na mengine ya miezi mingi kabla ya hayo, huku anajitia hamnazo. Lakini haya yangu haikudumu, kwa sababu hesabu nyingine ilikuwa inanijia nyuma yake. Kama alinielewa mimi, basi alimwelewa na mama yake. Kila alasiri. Mwaka mzima wa kiu kabla sijafika, na mwaka mwingine baada ya hapo. Alikuwa chumba cha pili akisoma gazeti.

Jumana alikuwa bado ameinama juu ya breki. "Baba? Unaongea nini?"

"Hapakuwa na paka," Bwana Fuad alimjibu kwa Kiarabu, bila kugeuka. "Uliniuliza mbele ya wageni. Nilisema neno la kwanza lililonijia." Akaiweka sawa shali ya mama yake. "Waliponipeleka shule Beiruti, wenzangu walinicheka mwaka mzima kwa lugha hii. Niliapa sitaisema tena. Safari ya kesho haipo. Futa tikiti."

Wapo waliomwonea huruma. Niliona leso zikitoka tena. Mimi sikumwonea. Mtoto wa shule akichekwa ananyamaza, sawa, ni mtoto. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye nyumba yake, akimsikia mama yake anaomba maji, na alichoogopa ni kwamba wageni watajua amejifunzia kuongea mgongoni kwa yaya mweusi. Kama alitaka huruma, kulikuwa na viti mia na hamsini vya kuitafuta.

Mama Odette hakuwa na habari na leso. Alikuwa ameushika uso wa mwanawe kwa mikono miwili na kuukagua, paji, nyusi, kidevu. Tangu nimjue alikuwa akimwita "ule daktari". Sasa vidole vyake vilisimama.

"Fuad?" akasema. "Njo weye?"

"Njo miye, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Bwana Fuad alifunga macho. Maikrofoni ilikuwa imeachwa wazi mapajani mwa mama yake, kwa hiyo ukumbi wote ulisikia anavyopumua.

"Ulikuwa wapi siku yote hizi?" mama yake akauliza tena. "Nakuita."

"Nilikuwa chumba cha pili, mama. Nilikuwa nakusikia."

Mama Odette akamwachia uso, akafuta viganja vyake kwenye ile shali ya taraza, akanigeukia mimi na kusema, kwa Kiswahili chepesi kabisa, kisichohitaji kamusi, "Alisikia, na mayi hakuleta." Mlangoni Benard aliinamisha kichwa. Jumana akataka kujua bibi amesema nini, akanitolea macho mimi. Nilimwacha baba yake atafsiri.